Nyumba ya Siku Saba



Zamani safari za watu wetu wa pwani zilikuwa za kuhesabika. Mtu alikwenda Makka kuhiji, au Bombay kutibiwa, au Maskati kutazama jamaa, au Ngazija kuzika. Safari ya kwenda kupumzika tu, mtu na mkewe na watoto wake, wakae mji wa kigeni siku saba kisha warudi, hiyo hatukuijua; na aliyeifanya aliitwa tajiri, na nyuma yake akaitwa mpotezaji. Leo mambo yamegeuka. Watoto wetu wamesoma, wana kazi, na wengine wako Ulaya na Uarabuni, na hupenda kukutana na wazee wao katikati ya njia. Mimi silioni baya hilo. Kutembea katika ardhi na kutazama waliyoyaacha waliotangulia ni jambo tulilohimizwa, na mama aliyepika miaka thelathini katika jiko moja hana dhambi akitaka kuona mji mwingine kabla hajafa.

Basi siku hizi kila ikaribiapo likizo ya skuli, baada ya sala ya Magharibi, hunijia baba au mama na simu mkononi. "Sheikh, hebu tazama hii." Nami huvaa miwani nikatazama. Aghlabu ni nyumba ya Istanbul, kwa kuwa watu wetu wanaupenda mji ule kwa misikiti yake na kwa wepesi wa kupata chakula cha halali. Huona kitanda kilichotandikwa, birika la chai juu ya meza, na dirisha lenye bahari kwa mbali. Kisha huulizwa masuala. Je, msikiti uko karibu? Je, sufuria za watu tusiowajua zafaa kupikiwa? Je, tutapunguza sala tukikaa siku saba? Ni masuala mazuri yote, na kila moja lina jawabu lake. Lakini katika miaka yote hiyo hajanijia hata mmoja akaniuliza: "Sheikh, na huyo anayekaa mlango wa pili, yeye ameridhika?"

Simlaumu mtu. Mimi mwenyewe sikuuliza, na hayo ndiyo niliyokusudia kukueleza leo.

Kwanza tuseme la haki. Nyumba ya kupanga kwa siku ina faida ambazo hoteli haina. Mwenye watoto watano akienda hoteli atatakiwa akodi vyumba viwili au vitatu, kimoja ghorofa ya pili na kimoja ya nne, na usiku hajui mwanawe analala au anacheza na lifti. Katika nyumba kuna jiko, na mgonjwa wa sukari hupikiwa anachokijua. Mwanamke akivua buibui lake hapana mtumishi wa kubisha hodi asubuhi na mashuka. Na wazee husali pamoja na watoto ukumbini. Kwa hivyo anayesema kwamba nyumba hizi ni upuuzi hajasafiri na ahali yake.

Lakini kukodi ni mapatano, na mapatano yana masharti. Wanavyuoni wetu huyaita haya ijara, nayo ni kuuza manufaa ya kitu bila ya kukiuza kitu chenyewe. Na manufaa hayo sharti yajulikane, isiwe mtu amenunua giza. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii kauli yenye nguvu ni kwamba nyumba inayokodishwa iwe imeonekana na wanaokubaliana. Wenzetu wa Imam Abu Hanifa, na Waturuki wengi ni wa madhehebu hiyo, wao wamewasaa zaidi: mtu aweza kufunga mapatano juu ya kitu asichokiona, na akishakiona ana khiyari ya kukikubali au kukirejesha. Sitaki kutoa fatwa katika ukurasa huu. Atakaye na amwendee mwanachuoni wa mji wake. Nataka uone tu kwamba wazee hao, waliokufa zaidi ya miaka elfu kabla ya simu, walikuwa wameshaijua hila ya kukodisha kwa sifa.

Kwani picha haisemi uwongo, ila mpiga picha huchagua pa kusimama. Ile bahari dirishani huonekana ukipanda juu ya kiti. Zile "dakika tano kwa miguu mpaka msikitini" ni kweli kwa kijana ashukaye, na Istanbul ni mji wa vilima. Mzee mwenye magoti mabovu apandapo atahesabu dakika ishirini na kupumzika mara tatu. "Ghorofa ya chini" huenda ikawa nusu yake imo ndani ya ardhi, na kwenye dirisha unaona miguu ya wapitao. Madalali wa leo, naambiwa, hutoa ruhusa ya kufuta mapatano mpaka siku fulani bila ya kupoteza fedha. Nami husema: ukikosa kuiona nyumba, usiikose ruhusa hiyo. Ila ufahamu kwamba kufuta kabla ya kufika siyo khiyari waliyoisema Mahanafi. Yao ni ya mtu aliyekwisha kufika akaona kwa macho yake. Hii ya dalali humalizika wakati ungali kwenu, hujaona kitu.

Na liko suala jingine ambalo wasafiri wetu hawaliulizi kabisa, kwa kuwa pwani yetu Mwenyezi Mungu ameikinga nalo kwa kiasi kikubwa. Uturuki ni nchi ya matetemeko. Tarehe 17 Agosti 1999 ardhi ilitetemeka karibu na Izmit, mashariki ya Istanbul, na watu zaidi ya 17,000 wakafa. Tarehe 6 Februari 2023 ikatetemeka kusini mwa nchi, na waliokufa Uturuki peke yake walipita 50,000. Wengi katika hao waliuawa na majengo yao wenyewe, yaliyojengwa kwa kubania saruji na chuma. Baada ya msiba wa 1999 masharti ya ujenzi yalikazwa. Kwa hivyo si aibu kumwuliza mwenye nyumba: jengo hili limejengwa mwaka gani, na kama ni la kabla ya hapo, limetiwa nguvu? Watu huuliza kama kuna mashine ya kufulia, na hili hawaliulizi.

Haya yote ni ya mpangaji kujilinda nafsi yake na fedha zake. Sasa nakuja kwenye lile la jirani.

Julai ya mwaka 2024, mimi na mke wangu, na binti yetu na mumewe na watoto wao watatu, tulikwenda Istanbul. Nyumba aliichagua mkwe wangu, vyumba vitatu katika upande wa Fatih, ghorofa ya tatu, hapana lifti. Bei yake ilikuwa pungufu ya nyingine za mtaa ule kwa kiasi cha thuluthi. Tukafurahi, na hatukuuliza kwa nini. Bei nayo husema, ndugu msomaji, lakini mwenye kuifurahia huwa kiziwi.

Siku mbili kabla ya kuondoka, fedha zimeshalipwa na muda wa kufuta umeshapita, dalali akaleta ujumbe. Alieleza ufunguo uko wapi na taka zitupwe wapi, na chini kabisa akaweka mstari mmoja: mkikutana na majirani wakawauliza, semeni nyinyi ni wageni wa mwenye nyumba. Mkwe wangu akanisomea, tukacheka kidogo. Mke wangu hakucheka. Akauliza, "Mwenye nyumba gani? Jina lake nani?" Hapana aliyelijua.

Tukafika. Nyumba ilikuwa safi na picha zake hazikutudanganya sana. Watoto wakapenda mikate ya ufuta inayouzwa njiani, na wanawake wakapenda soko la Jumatano lililo karibu na msikiti wa Fatih, ambapo utakuta mizaituni na vitambaa na mabibi wanaobishana bei kama wa kwetu Darajani. Siku za Julai kule jua linachelewa kuzama, na Isha huwa zaidi ya saa nne za usiku. Usiku wa tatu tulikuwa tunarejea kutoka kusali, watoto wakikimbizana kwenye ngazi za mawe na viatu vyao, mara mlango wa ghorofa ya pili ukafunguka. Akatoka bibi mtu mzima, amejitanda kitambaa cheupe, naye akanitazama kofia na ndevu zangu, akanisalimia kwa salamu ya Kiislamu, akaniita hoca, ambalo ndilo neno lao la mwalimu. Kisha akauliza jambo kwa Kituruki. Mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja alikuwa na ile simu inayofasiri. Akaielekeza kwa bibi, kisha simu ikatwambia: "Nyinyi ni nani kwa mwenye nyumba?"

Mimi nimefundisha chuoni miaka arubaini. Nimewafundisha watoto wa watoto ubaya wa uwongo. Nilisimama pale ngazini nikafikiri kwa muda wa pumzi moja, nikajibu: "Sisi ni wageni wake." Simu ikafasiri. Kwa Kituruki mgeni huitwa misafir, nalo ni neno lile lile tulilolichukua sisi kwa Kiarabu tukasema msafiri. Yule bibi akatabasamu, akamshika mjukuu wangu shavu, akafunga mlango.

Tulipoingia ndani yule mtoto akaniuliza, "Babu, sisi ni wageni au wapangaji?"

Nikamwambia akalale.

Asubuhi mlango ukagongwa. Yule bibi alikuwa amesimama na sahani imefunikwa kitambaa, na ndani yake majani ya mzabibu yaliyoviringishwa na kutiwa wali, bado yana moto. Hakuja kuuliza neno. Aliwaletea chakula wageni wa jirani yake.

Wewe msomaji uliyesoma chuoni utaniambia kwamba sikusema uwongo. Na ni kweli kuna mlango ambao wanavyuoni wameuacha wazi, wa kusema neno lenye maana mbili, msemaji akakusudia hii na msikiaji akafahamu ile. Huitwa tauriya. Ila mlango huo uliachwa kwa ajili ya nini? Umeachwa kwa aliyedhulumiwa ajiokoe na mwenye kudhulumu. Kwa mtu aliyeficha mtu nyumbani, na adui amesimama mlangoni na upanga. Ama mtu kuutumia ili amtoe mwenye haki katika haki yake, hilo wamelikataza. Na pale ngazini mwenye haki alikuwa nani? Alikuwa yule bibi. Aliuliza jambo linalomhusu, kwenye ngazi anazozipanda yeye kila siku, nami nikamjibu kwa ujanja nilioufundishwa ili nimwepushie dalali nisiyemjua faini yake. Hata tuseme ulimi wangu ulinusurika, je, na ile sahani? Ile sahani aliileta kwa sababu ya neno langu.

Siku ile ile tulikuwa tumepanga kwenda kumzuru Abu Ayyub al-Ansari, Mwenyezi Mungu amridhie, ambaye kaburi lake liko Eyüp, nje ya kuta za mji wa zamani, na msikiti wa kwanza hapo ulijengwa mwaka 1458, miaka mitano baada ya Waturuki kuuchukua mji. Wengi wetu twajua kwamba huyu ndiye aliyempokea Mtume (S.A.W.) nyumbani kwake alipoingia Madina, akakaa kwake kiasi cha miezi saba kwa kauli iliyo mashuhuri. Nyumba ilikuwa ya ghorofa. Mtume alikaa chini, kwa kuwa ni wepesi kwa wenye kumjia, na Abu Ayyub na mkewe wakakaa juu. Na wao hawakupata raha kwa hilo. Waliona vibaya kutembea juu ya kichwa cha Mtume. Usiku mmoja likawavunjikia gudulia la maji, wakachukua nguo yao ya kujifunika, nao hawakuwa na nyingine, wakayafuta maji yale yasije yakadondoka chini. Wakaendelea kumwomba mpaka akakubali kuhamia juu.

Kisa hiki nimekisimulia darasani mara nisizoweza kuzihesabu, na kila mara nilikisimulia kwa upande wa mapenzi ya Mtume. Siku ile, nimesimama katika umati wa watu pale kaburini, nilikisikia kwa sikio jingine. Nilimwona mtu na mkewe wakifuta sakafu usiku kwa blanketi lao kwa sababu chini yao kuna mtu amelala. Nikakumbuka viatu vya wajukuu zangu kwenye ngazi za mawe, saa nne na nusu za usiku.

Tuliporudi nikamwambia mkwe wangu anitafutie sheria ya nchi ile katika mambo haya. Akaipata, nayo si ya kujificha. Tangu tarehe 1 Januari 2024 Uturuki ina sheria namba 7464: anayetaka kukodisha nyumba yake kwa watalii kwa siku 100 au chini ya hapo lazima awe na kibali cha Wizara ya Utamaduni na Utalii, na kibao kitundikwe mlangoni ili mpita njia aone. Na katika majengo ya kawaida ya fleti hapati kibali hicho mpaka wenye fleti zote za jengo waridhie, wote, bila ya kukosa mmoja. Tukashuka chini kutazama mlango wa jengo, kisha tukautazama wetu. Hapana kibao. Ndipo nilipofahamu ile thuluthi ya bei ilikopungua. Haikutolewa na mwenye nyumba kwa ukarimu wake. Ilitoka kwa yule bibi.

Najua yatakayosemwa, kwa kuwa niliyasema mimi mwenyewe usiku ule nisipate usingizi. Nilisema: mimi nimelipa, dhambi ni ya aliyekodisha bila ya kibali. Nikasema: siku saba ni kitu gani? Nikasema: mali ni ya mwenyewe, na mtu na mali yake. Na labda mwenye nyumba ni mjane anayeishi kwa kodi ile, nani ajuaye?

Hili la mwisho lina uzito, na sitaki kulipuuza. Wako watu wengi duniani ambao chumba kimoja cha kukodisha ndicho kinachowalipia dawa. Lakini mjane akipata haki yake kwa kumnyima mjane mwingine usingizi bila ya kumwuliza, hapo hatujawatazama wajane wote wawili. Ama kuwa mtu na mali yake, fikhi yetu haikusema hivyo moja kwa moja hata katika kuuza. Iko shufaa: mtu akiuza fungu lake katika nyumba ya shirika, mwenzake ana haki ya kulichukua yeye kwanza kwa bei ile ile kabla ya mtu wa nje; na Mahanafi wameifikisha haki hiyo hata kwa jirani. Kwa nini? Kwa sababu muuzaji huenda zake na fedha, na anayebaki na yule mgeni ukutani ni mwingine. Na habari ya Jibrili kumuusia Mtume juu ya jirani, mpaka Mtume akadhani kwamba jirani atapewa urithi, nani katika sisi hakuisikia?

Ama zile siku saba, hesabu yake ni ndogo. Sisi tuliondoka siku ya saba, na siku ya nane wakaingia wengine. Kwangu ilikuwa wiki moja. Kwake ni mwaka mzima wa wiki moja moja, kila wiki miguu mipya juu ya dari, kila wiki watu wasiojua kwamba mlango wa chini haufungi vizuri mpaka usukumwe.

Wala si Istanbul peke yake. Mwaka 2023 New York ilianza kutekeleza sheria kwamba anayepangisha kwa chini ya siku 30 awe mwenyewe yumo ndani ya nyumba na wageni wasizidi wawili. Barcelona, Juni ya mwaka 2024, meya wake alitangaza kwamba vibali vyote 10,101 vya nyumba za watalii vitaachwa vimalizike bila ya kufanywa upya, ili ifikapo Novemba 2028 pasibaki hata kimoja. Watu wa miji hiyo walilalamika kwamba vijana wao hawapati nyumba ya kupanga kwa mwaka, kwa sababu mwenye nyumba hupata kwa mgeni wa wiki zaidi ya anachopata kwa mwalimu wa mwezi. Kama sheria hizo zitaponya, hilo ni la wakati kuonyesha. Lakini malalamiko yenyewe, je, sisi hatuyajui?

Nenda Lamu, utazame nyumba ngapi za mawe zilizokuwa na ukoo ndani yake leo zina mlinzi na bwawa la kuogelea. Nenda Mji Mkongwe, Unguja. Mji wa Unguja uliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, tukashangilia, nami nilishangilia. Katika uchochoro wetu, nilipokuwa kijana, ukipiga hodi mlango wowote ulijua nani atakayeitikia. Leo milango mitatu katika sita ina kufuli la namba. Baraza zipo, zimepakwa chokaa nzuri kuliko zamani, lakini wanaozikalia hawajui kwamba hapo ndipo lilipowekwa jeneza la marehemu fulani likisubiri kuchukuliwa. Nimelalamika juu ya hayo misikitini na harusini. Nimewasema wageni. Kisha nikapanda ndege nikaenda kuwa mgeni yule yule katika uchochoro wa mtu mwingine, na ndevu zangu.

Siku ya tano mke wangu aliiosha ile sahani. Nawe wajua desturi yetu, sahani ya jirani hairudi tupu. Tulikuwa na halua tuliyoichukua kwetu kwa ajili ya njiani. Akaikata, akaipanga, akatia na karafuu kidogo ndani ya karatasi. Nikamchukua mjukuu wangu na simu yake, tukashuka. Nilitaka awepo yeye.

Bibi akafungua. Nikamwambia, na simu ikafasiri sentensi moja baada ya moja, kwamba sisi hatumjui mwenye nyumba, kwamba tumelipa fedha kwa dalali, na kwamba jawabu nililompa usiku ule lilikuwa la kumpumbaza, nami namtaka radhi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno mengi, na simu haikuyafikia yote. Tulichofahamu ni kwamba alijua. Masanduku ya magurudumu, alisema, hayafichiki kwenye ngazi. Aliletewa karatasi ya kutia saini mwaka uliopita naye akakataa. Juu hapo walikuwa wakikaa mwalimu na mkewe miaka kumi na mmoja, na binti yao alikuwa akishuka kwake kila mchana kutoka skuli mpaka mama yake arudi. Walipandishiwa kodi, wakahamia upande wa mbali wa mji. Yule binti humpigia simu siku za Iddi.

Hakusema kwamba ametusamehe, wala hakusema kwamba hakutusamehe. Aliichukua sahani, akainusa halua, akauliza inapikwa kwa nini. Kisha akawaomba watoto wavue viatu wanapopanda ngazi usiku.

Tulibaki siku mbili zilizobakia. Nakwambia hilo ili usidhani kwamba nilifanya la ushujaa. Hoteli kwa watu saba katika msimu ule hatukuwa na uwezo nayo, na fedha za dalali hazirejeshwi. Watoto walivua viatu. Nami kila nikipita mlango ule nilipunguza mwendo, kana kwamba hilo linasaidia kitu. Tulipofika nyumbani mkwe wangu alimwandikia dalali kwamba nyumba yake haina kibali na kwamba tumemweleza jirani ukweli. Hakujibu.

Basi siku hizi akinijia mtu na simu baada ya Magharibi, nikishamaliza ya sufuria na ya kupunguza sala, namtaka amwandikie mwenye nyumba mambo mawili: kibali kiko wapi, na tuambiwe tuwajibu nini majirani. Mwenye haki hakasiriki kwa suala hili; hupiga picha kibao chake akaileta. Asiye na haki husema usijali, au huacha kujibu. Nyumba zenye kibali zipo, na ziko hoteli zenye vyumba vya familia na jiko dogo, na wako wenye nyumba wanaokodisha chumba kimoja huku wenyewe wakiwa humo humo. Zote hizo ni ghali zaidi.

Wiki iliyopita alinijia kijana mmoja, bwana harusi, na nyumba nzuri ya Üsküdar, karibu na vyombo vya kuvukia bahari. Akaandika suala hapo hapo mbele yangu, na jawabu likaja kabla hatujaadhini Isha: picha ya kibao, na jina la mwenye nyumba, na bei yake. Kisha akanionyesha nyingine ya mtaa ule ule, bei nusu, ambayo mwenyewe amejibu kwamba majirani hawana shida. Akazitazama zote mbili kwa muda. Akaniambia atakwenda kushauriana na mkewe, kisha atarudi. Bado hajarudi.